Bega la Kulia

Nilipewa jina la shangazi yangu aliyefariki kabla sijazaliwa. Majirani wa Mji wa Kale wakinikuta kibarazani walinitazama mara mbili, kisha wakanong'onezana, "Somo yake huyo." Nilichukia. Nilijiona mtumba, nimevaliwa na mtu kabla yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini binamu yangu aliposwa. Bibi, mamake baba, akanitolea sandukuni karatasi za khaki ambazo shangazi mwenyewe alizitumia kukatia magauni yake. Macho ya bibi yalikuwa yameshaingia ukungu.

"Nishonee gauni la somo yako, alilokuwa akiendea harusi za watu," akasema. "Ulivae wewe, niliguse."

Ningemkatalia vipi? Lakini niliapa moyoni kwamba gauni litakuwa langu, si la marehemu.

Nikanunua satini ya kijani. Vifungo nilivivika kitambaa kimoja kimoja kwa mkono, na shingoni nikadarizi maua ya asumini kwa uzi mweupe. Nilipoitandaza karatasi ya mbele, nikaona bega la kulia limekatwa chini kuliko la kushoto, upana wa kidole. Nikacheka. Kumbe huyu aliyesifiwa kutwa kucha hakujua hata kukata! Nikalisawazisha bega, nikashona.

Nilipolijaribu, bega la kulia likafanya mkunjo. Nikalivuta, likarudi pale pale. Nikalipiga pasi, wapi! Nikamwendea bibi nimelivaa, sindano mkononi, nataka kulishikiza hivyo hivyo.

"Nguo haishonwi mwilini," akanikemea. "Ndoo hapa karibu, nikushike."

Akapapasa asumini, akafika begani, mkono ukasimama.

"Bega lake umelipeleka wapi?"

"Lilikosewa, bibi."

"Halikukosewa. Ndivyo alivyoumbwa." Akaubonyeza mfupa wangu. "Nawe ndivyo ulivyoumbwa. Hujajitazama?"

Nilikwenda kwenye kioo, nikalivua gauni. Bega langu la kulia lilikuwa chini, upana wa kidole. Niliogopa, sisemi uongo. Miaka yote hiyo nikimkana, naye yuko begani mwangu.

Nikafumua mshono, nikakata upya nikiifuata karatasi. Gauni likakaa bila mkunjo hata mmoja. Bibi akapapasa tena, polepole, uso ukamfunguka.

"Umerejea, mwanangu?"

Siku zote aliniita mjukuu. Nilifungua kinywa nimwambie kwamba ni mimi.

"Nimerejea, mama," nikasema.