Nilimnenepesha mama mgonjwa kwa lenzi ya wide angle

Wakuu, habari za humu ndani. Leo natua mzigo wa miaka arobaini, na sijatia chumvi.

Miaka ya themanini nilikuwa mpiga picha Mbarara, studio ndogo upande wa Ruti. Filamu black and white, nasafisha mwenyewe. Nilikuwa na lenzi moja pana, 28mm, na maringo yangu yote yalikuwa hapo.

Siku moja dada mmoja mkimbizi akaja kunichukua nikaipige picha familia yao kambini Nakivale. Mama yao alikuwa anaumwa ini, kabaki mifupa, macho ya njano. Kaka wa huyo dada alikuwa kibarua mbali, Jinja. Kila akiandikiwa barua anajibu atakuja mwezi ujao.

Dada akanivuta kando: "Piga vile mama iko. Kaka akiona, atakuja mbio."

Nikawapanga mbele ya nyumba, watu tisa. Nyuma yangu zizi la ng'ombe, pa kurudi hakuna, ndiyo maana nikafunga ile lenzi pana. Mama akakaa katikati, kama heshima inavyotaka.

Akaniita kwa mkono. "Mwanangu, usinitoe mbaya. Huyu mtoto wa Jinja aliniacha na nguvu."

Wakuu, nilishindwa kumkatalia.

Waliotumia wide angle wanajua: anayekaa pembeni kabisa anavutwa, anatoka mnene. Nikamhamishia pembeni, nikasogea karibu. Na njano ya macho, black and white haina habari nayo.

Picha ikatoka mama kanona, mashavu yamejaa. Alipoiona alicheka hadi akakohoa. Dada aliitazama, kisha akamtazama mama yake. Akaituma hiyo hiyo, maana filamu ilikuwa adimu na sikupiga nyingine.

Kaka alifika baada ya miezi miwili. Mama alikuwa ameshazikwa.

Wakaja studio wote wawili. Nilijua leo napigwa. Kaka akaitoa picha mfukoni, akauliza kwa upole: "Nilionyesha watu ya kazi, nikasema mama amepona. Siku ile alikuwa namna hii kweli?"

Nikamtazama dada. Akainamisha kichwa.

Nikasema, "Ndiyo."

Akanishukuru, wakuu. Kwa mikono miwili.

Nilichojifunza: nilidhani picha ni ya aliyekaa mbele ya kamera. Ile ilikuwa ya mtu aliyeko Jinja, na mimi nilimnyima ukweli. Ila kile kicheko cha mama nacho sijaweza kukijutia, na hilo ndilo linalonisumbua.

Semeni, hata matusi nitayapokea. Nyie mngemjibu nini yule kijana?