Mtani Aliyeshika Ufunguo wa Maji

Rehani alipoachwa Morogoro na msafara wake, mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba mithili ya shina la mgomba. Wenzake, Wanyamwezi waliokuwa wakishuka pwani na mizigo, walimlaza katika kibaraza cha nyumba moja karibu na mto, wakamwekea kibuyu cha maji, wakaahidi kumpitia watakaporudi. Hawakurudi kwa njia ile. Asubuhi yake mwenye nyumba, mjane wa Kiluguru aliyeitwa Bi Asia, alifungua mlango akamkuta mgeni amejikunja pale, anatetemeka kwa homa.

"Mnyamwezi wewe?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama. Mimi mtani wako. Na kwa sura hiyo ungefia hukohuko njiani, usije kunichafulia mlango." Akaingia ndani kumpikia uji.

Hivyo ndivyo Rehani alivyopata watu mjini Morogoro. Utani wa Waluguru na Wanyamwezi ulikuwa wa tangu enzi za misafara, na haukuhitaji kuelezwa. Mtani hukutukana na hukosi adabu ukimjibu. Huchukua kitu chako bila kuomba, nawe huchukua chake. Siku ya msiba, ndugu wanapolia, mtani ndiye anayechimba kaburi, anayepika, anayelizuia jeneza kwa vichekesho mpaka wafiwa wampe chochote ndipo apishe njia. Kwa mtu aliyekuwa na ndugu, hayo yalikuwa mchezo mwema. Kwa Rehani, ambaye hakuwa na mke wala mtoto, na ambaye mguu wake ulipona ukabaki umepinda asiweze kurudi kwao, watani ndio waliokuwa jamaa zake wote. Alijua kwamba akifa, watakuwapo watu wa kumtukana na kumzika.

Aliyemtukana kuliko wote alikuwa Mwanaasha, binti pekee wa Bi Asia, aliyekuwa akichoma ndizi na kuziuza sokoni. Rehani alikuwa akiingia uani kwake bila hodi, anafunua chungu, anajipakulia.

"Mwizi huyo!" Mwanaasha alikuwa akipiga kelele ili majirani wasikie. "Kwao hakuna ndizi, wanakula kumbikumbi!"

"Afadhali kumbikumbi, huruka mwenyewe akaja mdomoni. Nyinyi mnalima mmejifunga kamba viunoni msiporomoke. Boga likiwachomoka shambani, mnalikimbiza mpaka mto Mzinga!"

"Na wewe ulikimbizwa na nini hata ukafika hapa, mguu mgomba?"

"Harufu ya mama yako anapopika mlenda. Nilidhani kuna mtu ameoza, nikaja kuzika."

Bi Asia, akiwa ndani, alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Gari la moshi lilipokwisha kufika Morogoro, Wadachi waliona mji unakua na mto unachafuka. Wakakinga maji ya kijito kimoja juu kabisa mlimani, wakayateremsha kwa mabomba ya chuma hadi bomani, stesheni na madukani, na kwa ajili ya wenyeji wakasimamisha bomba moja ukingoni mwa soko. Walichimba pia mtaro wa kutolea maji machafu, na kila nyumba iliyopakana nao ikatakiwa kuulipia. Mambo hayo yote yalisimamiwa na Mdachi mmoja mrefu, mwenye ndevu nyekundu, ambaye watu walimwita Bwana Bomba. Ndiye aliyefunga kwenye lile bomba la sokoni kisanduku cha shaba chenye uso wa kioo, na ndani ya kioo mishale midogo iliyozunguka kila maji yalipotoka. Watu wakakiita saa ya maji. Debe moja lilikuwa hela moja, sarafu ndogo ya Wadachi.

Akatafutwa mtu wa kushika ufunguo. Rehani aliitwa bomani kwa sababu alikuwa amewahi kuwapelekea maji wajenzi wa reli na hakujulikana kwa ulevi wala ugomvi. Bwana Bomba alimtazama, akasema maneno, na karani wake, kijana wa misheni aitwaye Stefano, akayafasiri.

"Bwana anauliza, una ndugu hapa mjini?"

"Sina."

"Hata mmoja? Shemeji, binamu?"

"Hata mmoja."

Bwana Bomba akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alitaka mtu asiye na wa kumpendelea. Kuhusu watani hakuuliza, naye Rehani hakuona haja ya kuwataja, kwani ni kweli watani si ndugu. Akapewa ufunguo, kofia na kiti cha miguu mitatu.

Siku ya kwanza Mwanaasha alifika na debe lake, akawapita wanawake wote waliokuwa kwenye mstari.

"Wewe, mguu mgomba! Fungua, nina ndizi motoni."

Rehani akafungua. Debe likajaa, Mwanaasha akajitwisha, akaondoka akitukana, bila kulipa. Kesho yake akaja na jirani yake, na jirani huyo akaja na shangazi yake. Wote walikuwa Waluguru, wote watani, na wote walimtukana vizuri. Wageni na wafanyakazi wa stesheni walilipa. Rehani hakuona kosa lolote. Angemdai vipi mtani? Ni sawa na kumdai mtu aliyekuchekesha.

Mwezi ulipokwisha, Bwana Bomba alipiga magoti mbele ya ile saa, akaisoma, kisha akafungua sanduku la hela. Hakupaza sauti. Stefano ndiye aliyeona haya, akasema akitazama chini, "Mzee Rehani, maji yaliyotoka ni mengi kuliko hela zilizoingia. Pengo litajazwa kwa mshahara wako. Likitokea tena, ni kiboko, na ufunguo atapewa mwingine."

Mshahara ukaisha wote. Mwezi ule Rehani aliishi kwa mihogo ya kuchoma, wala hakumwambia mtu.

Kilikuwa kiangazi. Mto, uliokwisha kunyang'anywa kijito chake, ulibaki vidimbwi vya kijani katikati ya mawe, na mstari wa bombani ukawa mrefu. Mwanaasha alikuja kama kawaida yake, akipita mbele.

"Sogea, wewe! Unakaa kwenye kiti kama akida, na miguu yenyewe mmoja na nusu."

Rehani hakusogea, wala hakugusa ufunguo. "Hela, Mwanaasha."

Wanawake wakacheka, wakidhani ndio utani umeanza.

"Hela gani? Mimi ndiye nikudai, uji uliokunywa kibarazani kwetu hujaulipia hata kijiko!"

"Hela, Mwanaasha. Maji haya yanahesabiwa. Saa ile haimjui mtani."

Kicheko kikakatika. Mwanaasha aliitazama saa, kisha akamtazama yeye.

"Saa haimjui. Na wewe je?"

Rehani angeweza kumwambia habari za mshahara na za kiboko. Lakini kumweleza mtani shida yako ni kumpa kuni za kukuchomea, na hapo palikuwa na wanawake wa mji mzima. Aliogopa kuchekwa kwa fimbo ambazo hata hajachapwa. Akanyamaza. Mara nyingi baadaye aliufikiria ukimya ule, jinsi ulivyokuwa mfupi.

Mwanaasha alifungua fundo la nguo yake, akatoa hela, akaiweka juu ya jiwe. Debe lilipojaa alitengeneza kata yake kichwani bila haraka. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wajuane. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, Bwana Rehani. Ahsante kwa maji."

"Marahaba," Rehani alijibu, kabla hajauzuia ulimi wake.

Tangu siku hiyo adabu ikaenea kama ugonjwa. Jirani alimwamkia, shangazi alimwamkia, na Waluguru wote wa upande wa mtoni walimwamkia. Walipanga mstari, wakaweka hela zao, wakashukuru. Aliyepita karibu na kiti chake aliinama kama apitavyo mbele ya mkwe. Rehani akawa mtu wa heshima. Bwana Bomba aliisoma saa, akahesabu sanduku, vikalingana, akampiga Rehani begani.

Alijaribu kuuamsha utani. Kwa mama mmoja mnene alisema, "Wewe leo debe halitoshi, lete mtumbwi!" Mama yule alitabasamu tabasamu la mtu aliyeambiwa jambo na mgeni wa lugha nyingine. "Ndiyo, Bwana Rehani," akasema, akaweka hela yake.

Ijumaa moja alikwenda kwa Mwanaasha, akaingia uani bila hodi, akanyoosha mkono kwenye chungu. Mwanaasha alikwisha kuinuka. Alimletea kiti, akafuta vumbi, akampakulia ndizi katika sahani iliyofunikwa, akamletea na maji ya kunawa.

"Karibu chakula, Bwana Rehani."

"Mwanaasha," alisema, akiishika sahani bila kuifunua, "mshahara wangu ulikatwa wote. Nimetishiwa kiboko."

"Pole sana. Kazi ni kazi."

Alisema hivyo bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuumiza. Bi Asia alikuwa ndani, anakohoa. Rehani alisubiri asikie tusi kutoka kule gizani, tusi lolote, lakini mama yule alikuwa amedhoofika siku hizo, hakusema kitu. Rehani alikula matonge machache, akashukuru, akaaga. Ndizi zilikuwa zimeungwa vizuri, na hakuwahi kula kwenye nyumba ile chakula kisicho na ladha kama kile.

Baada ya hapo akawa anakaa peke yake. Jioni alifunga bomba, akatundika ufunguo shingoni, akatazama ukungu ukishuka Uluguru. Milima ile ilikuwa imejaa watu wake, na hakuna hata mmoja ambaye angemwita mbwa.

Asubuhi moja, masika yakikaribia, mstari ulikuwa mfupi kuliko kawaida. Watu wa upande wa mtoni hawakuonekana. Yuliana, mwanamke Mkatoliki aliyekuwa akiteremka kutoka milimani na matenga ya mboga, alitua mzigo wake ili anywe maji, akamshangaa.

"Wewe uko hapa? Nimepita kwa Bi Asia, jeneza linakaribia kutoka."

"Jeneza?"

"Hukuambiwa? Amefariki jana. Na kaburi limekwisha kuchimbwa. Wamewaita Wanyamwezi wawili, wapagazi wa stesheni, ndio waliochimba."

Rehani alisimama. Mtani huitwa kabla ya jirani. Wao walikuwa wamemtafuta Mnyamwezi, wakawapata wawili wasiowajua hata majina, wakampita yeye. Kama Bi Asia angezikwa bila yeye, basi yeye hakuwa mtani wa mtu yeyote; alikuwa tu mzee wa bombani. Alifunga bomba kwa ufunguo, wanawake wakalalamika, "Bwana Rehani, na sisi?" Hakugeuka. Alikwenda akichechemea jua kali usoni, mguu ule ukimrudisha nyuma kila hatua.

Alifika jeneza likitoka mlangoni. Wapagazi wale wawili walisimama pembeni na majembe yao, wageni, hawajui waseme nini. Rehani aliwapita, akajitupa mbele ya wachukuzi wa jeneza, akatanua mikono.

"Mtueni! Bibi huyu haendi popote! Miaka yote ananinyonya, leo anadhani atanitoroka kwa kujifunika shuka?"

Hata wafiwa wangepaswa kucheka hapo katikati ya machozi. Hakucheka mtu. Mjomba wa ukoo, Mzee Maneno, alimsogelea taratibu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwekea hela kiganjani.

"Bwana Rehani," alisema kwa upole, "tunaomba njia."

Mtani hupewa, hiyo ni desturi. Lakini hupewa kwa kusukumwa, kwa kuitwa fisi, kwa kudai zaidi na kunyimwa. Rehani aliitazama ile hela. Alifungua kinywa atoe kichekesho kingine, nacho alikuwa nacho, kuhusu mlenda. Badala yake ikatoka sauti ambayo hakuitambua. Akalia. Alilia kwa nguvu, mbele ya jeneza, na watu wakainamisha nyuso, kwa sababu mtani halii.

Mwanaasha alikuwa amesimama mlangoni kati ya wanawake, macho yamemvimba.

"Mjomba," alisema, "huyo si mtani tena. Mtani halii. Mwekeni na wafiwa."

Wakamwinua. Mzee Maneno akamshika kiwiko, wakatembea pamoja nyuma ya jeneza, na kaburini akapewa zamu yake ya kutia udongo pamoja na wapwa wa marehemu. Siku zote za msiba alikaa kwenye jamvi la wafiwa, akipewa pole na kila aingiaye. Alipokuwa hapo, wale wapagazi wawili walirusha majivu, wakaiba kuku, wakawaita wenye nyumba nyani wa milimani, na uani kukawa na vicheko. Kwake hawakuthubutu kusogea. Alikuwa Mnyamwezi mwenzao, si mtani wao, na kwa Waluguru sasa alikuwa ndugu; hapakuwa na wa kumtukana.

Bomani alikatwa mshahara wa siku alizokosa, na Stefano akamwombea asinyang'anywe ufunguo.

Mwanaasha alirudi bombani amevaa kaniki ya msiba. Hakupita mbele ya mstari. Zamu yake ilipofika aliweka hela juu ya jiwe, akasema, "Shikamoo, kaka."

Neno lilikuwa la kweli. Rehani alilisikia ukweli wake.

"Mama alikuwa na mtoto mmoja," Mwanaasha aliendelea, "sasa tuko wawili. Nimekwisha kuzungumza na mjomba. Siku yako ikifika utazikwa na sisi, kwenye makaburi yetu. Usiwe na wasiwasi."

"Mwanaasha." Aliinua kichwa. "Nitukane."

Alimtazama kwa huruma, kama atazamwavyo mtu mwenye homa.

"Sasa nitamtukanaje kaka yangu?"

Debe lilikuwa limejaa. Rehani alifunga maji, akamsaidia kujitwisha, akamwangalia akienda zake kwa uangalifu ili yasimwagike. Kisha mwanamke aliyefuata akasogea na debe lake, akapiga goti kidogo, akamwamkia.