Muuza Maji Aliyekuja Kumchukua Samaki Wetu

Jambo hili lilitokea nyumbani kwangu Kitengela, jua likiwa bado linawaka ukutani na chai iko jikoni. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari kama hii huuliza kwanza kama ilikuwa usiku, halafu huuliza kama nilikuwa nimelala. Sikuwa nimelala. Pombe sijawahi kuonja. Shule niliishia darasa la nane, na ufundi wa kutunga maneno sina. Nitakueleza nilichoona, na pale nisipojua nitasema sijui. Mama mkwe wangu alikuwepo. Ukimkuta sokoni Kisaju muulize, ila ujue hatakuachilia mpaka jioni.

Mume wangu alikuwa fundi wa stima, Mmaasai wa huko Kisaju. Mimi kwetu ni Murang'a. Mtoto hatukujaliwa. Hoteli moja ndogo mjini Kajiado ilipofungwa, yeye ndiye aliyeitwa kutoa nyaya, na waliokuwa wakihamisha vitu wakamwambia kuna tangi la kioo lenye samaki mmoja. Achukue, la sivyo wanamtupa. Akaja naye kwenye ndoo, ameifunika kwa koti lake. Ni samaki wa aina inayoitwa oska, wakati huo mdogo kama kiganja, mweusi mwenye mabaka mekundu. Mume wangu akamwita Nanyokie, jina ambalo kwao hupewa ng'ombe mwekundu.

Rafiki zake walimcheka mpaka wakachoka.

"Mmaasai mzima unafuga samaki! Sasa malishoni utampeleka lini?"

"Huyu hatafuti nyasi, na hakuna simba atamkula," aliwajibu. "Nyinyi ndio mko na shida."

Alikuwa ananawa mkono bila sabuni, kwa kuwa sabuni humdhuru samaki. Anautia majini, ameshika mnyoo kwa ncha za vidole, halafu anapiga mluzi wa chinichini, ule ambao wachungaji hupiga ng'ombe wakinywa maji ili wanywe wakiwa wametulia. Mkono hautikisiki. Mwanzoni Nanyokie alijificha nyuma ya jiwe na mnyoo ukabaki vidoleni. Mume wangu hakuchoka. Kila jioni samaki alisogea kidogo, mpaka akaanza kula mkononi, na akishiba anajilaza kwenye kiganja akunwe mgongo. Pikipiki ya mume wangu ikilia pale getini, anaanza kuzunguka kama mbwa.

Na mimi? Mimi nilikuwa nasimama mlangoni. Nilimwogopa, nakuambia ukweli. Ana mdomo mpana, na macho yake yanakufuata chumba kizima. Mume wangu alinibembeleza mara nyingi nitie mkono, nikakataa, tukacheka, yakaisha.

Halafu akaugua kifua, akafa. Tulimzika Kisaju. Sitasema mengi hapo. Sikulia mazishini, na najua watu waliliona hilo wakalisemea pembeni. Machozi hayakuja tu.

Nilirudi Kitengela nikamkuta Nanyokie amelala chini ya tangi kwa ubavu. Nikadhani amekufa. Nikagonga kioo, akasogeza jicho. Niliangusha minyoo ikaoza, nikaangusha vipande vya maini vikaoza, maji yakaanza kunuka. Rangi yake nyekundu ikapauka. Nikampigia simu kijana anayeuza samaki wa urembo pale mjini.

"Mama, huyo amezoea mkono," akasema. "Hawezi kula kitu inaanguka tu kutoka juu. Weka mkono."

Nilikunja mkono wa nguo mara nyingi nikasimama pale. Sikuweza. Sasa fikiria: nyumba nzima kiumbe hai kilichomjua mume wangu ni hiki peke yake, kinakufa mbele ya macho yangu, na dawa yake ni mkono wangu, na mkono hauingii. Umewahi kujichukia hivyo?

Mama mkwe, ambaye mimi humwita Yeyo kama walivyomwita wanawe, alikuja kunitazama. Alikuja na kibuyu cha maziwa kama kawaida yake. Yeye samaki hajawahi kuonja maisha yake yote, na Nanyokie yeye alikuwa akimwita nyoka.

"Hata hii nyoka yenu iko na stima," alizoea kusema, akionyesha ile pampu ya hewa, "na mimi kwangu ninawasha taa ya mafuta."

Lakini siku hiyo hakutania. Alikaa mbele ya kioo muda mrefu, na Nanyokie, ambaye alikuwa hajainuka kwa siku kadhaa, akainuka akamtazama. Yeyo akashika kifua.

Lazima nieleze jambo hapa. Kwao tangu zamani, mtu mkubwa akifa na nyoka akaonekana nyumbani, hauawi. Hupewa maziwa, kwa sababu huenda ni mwenye boma amerudi kutazama watu wake. Yeyo huenda kanisani kila Jumapili na huimba kuliko sisi sote, lakini mambo mengine huwa haendi kuyauliza kanisani. Mimi nilikuwa jikoni napika chai. Niliporudi, kibuyu kilikuwa kimeinamishwa juu ya tangi na maji yamekuwa meupe.

"Yeyo! Umefanya nini?"

"Nimempa mwanangu maziwa. Wewe ulikuwa unampa nini?"

Samaki alipanda juu, akaanza kutweta, mdomo wazi. Maziwa majini ni sumu, hata mimi nilijua. Ilibidi maji yabadilishwe mara moja, na maji ya bomba letu yana chumvi kali, hayamfai. Mume wangu alikuwa akikinga ya mvua kwenye pipa, nalo kiangazi hicho lilikuwa limekauka. Nikatoka mbio hadi getini nitafute jirani mwenye maji matamu.

Getini palisimama mwanamume na mkokoteni wa punda, umejaa mitungi.

Wauza maji kwetu ni wengi, si ajabu. Ajabu ni kwamba sikuwa nimemwita, wala sikusikia magurudumu, na barabara yetu ni ya mawe. Mbwa wa jirani, anayebwekea hata kuku, alikuwa amelala na mkia chini ya tumbo. Mtu huyo alikuwa wa rika la mume wangu, kofia imeshuka usoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelowa hadi kwenye kiwiko, lakini haukuwa unadondosha hata tone.

"Maji ya samaki," akasema. Hakuuliza.

Ningefanya nini? Nilimwingiza. Alibeba mitungi miwili kama mtu anayebeba mito ya kulalia. Alichota yale maji meupe akamwaga nje, akamimina mapya polepole kando ya kioo, asimshtue samaki. Nilichovya kidole nikaonja. Maji matamu kabisa.

"Ya wapi haya?" nikauliza.

"Kisaju."

Yeyo akadakia. "Kisaju gani? Mimi naishi huko. Kisaju hakuna maji matamu, hata mbuzi wanalalamika."

"Iko," akasema yule mtu. "Chini sana."

Yeyo akakishika kibuyu chake kwa mikono miwili.

Kisha mtu yule akatia mkono wake ndani ya tangi, akapiga mluzi. Ndugu yangu, ulikuwa ule ule. Ule wa kunyweshea ng'ombe. Nikainama nishike meza, na kwa kuinama nikatazama kupitia kioo cha pembeni. Mkono wake haukuwamo. Juu ya maji niliona kiwiko, niliona ngozi, lakini chini ya maji hapakuwa na kitu. Maji matupu. Na Nanyokie alikuwa katikati ya maji hayo matupu anakula, anatafuna, anasugua mgongo wake kwenye kitu nisichokiona.

Yeyo naye aliona. Akaanza kulia kwa Kimaasai, akilitaja jina la mwanawe.

"Sikuja kuuza," akasema yule mtu. "Nimekuja kumchukua. Mwenyewe anamuulizia."

"Mwenyewe nani?"

"Unamjua."

"Mpe!" Yeyo akasema. "Mpe, enkerai ai, mtoto wangu. Mwanangu ameomba kitu moja tu. Kitu moja! Na wewe hata kulia hukumlilia."

Hilo lilinichoma, sifichi. Kwa muda nilifikiri labda ana haki. Labda mimi ndiye ninayemzuia mnyama asiyekuwa wangu, nisiyeweza hata kumgusa. Lakini nilimtazama Nanyokie, mzima, amepata rangi, nikajua kwamba akitoka kwenye mlango ule, nitabaki na tangi la maji na kiti kitupu cha mume wangu. Na jambo jingine nililijua, ingawa siwezi kukuthibitishia: mume wangu hangemtuma mtu aje kuninyang'anya. Aliyenibembeleza miaka yote nitie mkono, leo atume mwingine amwondoe kabla sijautia?

"Yeyo," nikasema, "mwanao ameniachia mimi huyu."

Yule mtu akacheka kidogo. "Amekuachia? Hajawahi kula kwako hata mara moja."

"Leo atakula."

"Akija mkononi mwako, abaki. Asipokuja, usinifungie mlango."

Nilinawa, nikachukua mnyoo kwenye kikopo cha minyoo, nikakunja nguo hadi begani. Nilifunga macho, nikaona huo ni upumbavu, nikayafungua. Nikautia mkono.

Baridi ya maji yale sijawahi kuikuta mahali pengine. Karibu na mkono wangu kulikuwa na mkono mwingine. Vidole vitatu vyangu viligusana nao. Ulikuwa mgumu na laini kwa pamoja, kama mawe ya mtoni. Nilitaka kutoa mkono, na mwili wote ulinivuta nyuma, lakini nikakumbuka mkono hautikisiki. Huo ndio ulikuwa ufundi wake wote: hautikisiki.

Yule mtu akapiga mluzi. Nanyokie akaenda upande wake. Akapiga tena, samaki akainama kama anayejilaza.

Mimi kupiga mluzi sijui. Nikasema tu. Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, kama ninavyosema na watu jikoni: "Nanyokie, yeye harudi. Nimebaki mimi. Mimi naogopa, na wewe unaogopa. Njoo tule."

Ndipo machozi yakaja. Niamini, tangu kifo hayakuja, na siku hiyo yalidondoka kwenye tangi moja kwa moja, nikawaza hata chumvi hii itamdhuru.

Nanyokie akageuka. Alinitazama kwa jicho moja, halafu kwa jicho lingine. Mluzi ulikuwa unaendelea nyuma yake, mtamu, ninakiri ulikuwa mtamu, hata mimi nilitaka kuufuata. Akausikiliza. Halafu akapiga mkia mara moja akaja, akaubeba mnyoo pamoja na ncha ya kidole changu. Haikuuma. Ilikuwa kama mtoto asiye na meno. Nikampa wa pili, akala. Wa tatu, akala. Kisha akajilaza kwenye kiganja changu, uzito wake wote, akatulia.

Nilipiga kelele ambayo majirani waliisikia. Yeyo naye akapiga vigelegele vya Kimaasai vile vya harusini, yeye huyo huyo aliyekuwa anasema mpe! Hebu fikiria.

Yule mtu akatoa mkono wake. Ulitoka mzima, vidole vyote.

"Basi," akasema, na hakukasirika. "Nitamwambia anakula."

Akatoka. Nilimfuata hadi getini mkono ukinidondosha maji. Hapakuwa na punda, mkokoteni, wala alama kwenye vumbi. Yule mbwa alikuwa ameanza kubweka.

Alikuwa nani? Yeyo anasema ni mwanawe kwa sura nyingine. Mchungaji wetu wa kanisa alisema ni majonzi, lakini majonzi hayabebi mitungi. Mimi sijui, na nilikuahidi nisipojua nitasema. Ninachojua ni hiki. Vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia, vile vilivyomgusa, havisikii moto tangu siku ile. Naepua sufuria ya ugali bila kitambaa na sihisi kitu. Daktari aliviangalia akasema viko sawa.

Na Nanyokie yupo. Amekuwa mkubwa kama sahani, mwekundu kama makaa ya moto. Wanawake wa kanisa huja kumwona, na wanaothubutu nawafundisha: nawa bila sabuni, kaa kimya, mkono usitikisike. Yeyo ndiye hodari kuliko wote. Humletea minyoo kutoka Kisaju ndani ya gazeti, humlisha akimsimulia habari za ng'ombe, na sokoni hujigamba kwamba yeye ndiye Mmaasai wa kwanza kukunwa kidole na samaki. Ninalala vizuri. Nacheka tena.

Wewe unayesoma, ukifiwa, angalia marehemu ameacha nini kinachokula. Mbwa, paka, njiwa, hata samaki asiye na sauti. Usimwangushie chakula ukatoka kwa sababu unaogopa au inakuuma kumwona. Mlishe kwa mkono wako, mapema, umlilie ukitaka. Kwa maana akikaa na njaa muda mrefu anamwita wa kumlisha, na huyo akija hana haraka, anajua mluzi, na hatakuuliza mara mbili.