Sauti ya Mtu Wangu wa Baiskeli

Katika miaka ya vita, redio ndogo ya mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, ilikuwa na kipindi kimoja tu cha kuchekesha, nacho kilikuwa changu. Mimi niliandika, rafiki yangu akasoma, kwa kuwa yeye ndiye aliyejaliwa sauti. Tulisoma pamoja Nundu tangu tukiwa wadogo. Hakuna mtu niliyemwamini kama yeye.

Kila Jumamosi nilimpelekea sura moja ya riwaya isiyokwisha. Ilimhusu mtu mjivuni aliyenunua baiskeli isiyo na mnyororo, akawa anaisukuma mpaka Fizi huku akiwauliza wapita njia kama wanataka kubebwa. Kwenye vizuizi vya barabarani aliwasifia askari ndevu zao, hata wasio nazo. Watu walicheka. Wavuvi waliniita sokoni na kunijazia samaki wadogo wa ndagala kwenye sahani. Mama mmoja wa jamii ya wafugaji wa milimani, aliyeishi mjini kwetu, alipotuletea maziwa alikaa mlangoni petu mpaka kipindi kiishe, akicheka na kitenge mdomoni.

Kisha malaria ikanilaza, sikuandika kitu. Jumamosi nilidhani redio itapiga muziki tu. Badala yake nikamsikia rafiki yangu akitangaza sura mpya kwa jina langu. Mtu wangu wa baiskeli alikuwa akipanda mlima. Aliwaita wafugaji wa kule nyoka. Aliwaambia wasikilizaji wawafukuze sokoni.

Mke wangu aliacha kusonga ugali. "Ni weye uliandika hii?"

"Hapana!"

Mama wa maziwa alikuwa mlangoni. Nikajikokota hadi kwake. "Mama, ile maneno si yangu."

"Jina ni yako, baba," alisema. Akabeba maziwa yake, akaondoka bila kutupimia.

Nilipoweza kutembea nilikwenda redioni. Rafiki yangu alikuwa uani akila samaki na mkubwa mmoja wa wapiganaji.

"Hawa balikulazimisha?" nikamuuliza. Nilitamani aseme ndiyo.

"Hapana. Baliomba tu."

"Sasa jina yangu ulitia ya nini?"

"Yangu hakuna mwenye anaijua. Yako ndiyo batu banapenda." Akanisogezea sahani. "Batu balicheka, kaka. Kaa, tukule."

Aliniahidi kusahihisha. Jumamosi iliyofuata akasoma sura nyingine kama ile, kwa jina langu tena. Nilikwenda kwa mama wa maziwa, nikakuta mlango umefungwa kwa waya. Jirani alisema mama alikuwa amepanda milimani na watoto na ndama. Sijamwona tena. Sokoni, fundi cherehani alinipigia makofi na kunikariria yale maneno ya nyoka, akidhani ananifurahisha. Ndipo tukahamia kijiji cha Swima kwa ndugu za mke wangu.

Bunduki zilipotulia, rafiki yangu alinifuata huko na mfuko wa sukari.

"Redio inataka mutu wa baiskeli arudi," alisema.

"Yule alisema mambo gani mara ya mwisho, unakumbuka?"

"Ah, ile ilikuwa vita."

"Mi nilikuwa ndani ya vita ile ile."

Alimaliza chai, akashuka ziwani kutafuta mtumbwi wa kurudi Baraka. Sikumsindikiza. Nilijaribu kuandika jioni ile, lakini kila mara mtu wangu wa baiskeli alipofungua mdomo, nilisikia sauti ya rafiki yangu. Siku hizi naandikia watu wa Swima matangazo ya harusi na ya misiba. Hayo wanayasoma wenyewe.