Utumbo Wenye Hasira

Sufuria ilimpata mama kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Ilikuwa bado na mchuzi wa moto, naye aliinua mkono kukinga uso. Nilisikia mfupa ukilia, ko, kama kijiti kikavu. Kisha Shangazi, aliyeirusha, akaanguka palepale jikoni, amejikunja, mikono yote miwili tumboni.

"Unaniua, wifi!" alipiga kelele. "Nimekukosea nini hata unitilie sumu?"

Mama alikuwa anautazama mkono wake, ule unaosukuma kitambaa chini ya sindano ya cherehani. Sasa ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Anafanya kazi machinjioni, upande wa kupasua. Ng'ombe akishachunwa na kuning'inizwa, yeye huinua shoka na kushuka nalo kwenye uti wa mgongo, kutoka mkiani hadi shingoni, mapigo tisa, na mzoga hufunguka kama kitabu. Wenzake wanamwita Shoka, na si kwa sababu ya ng'ombe tu. Mchunaji mmoja alimshika kiuno kwa utani. Shangazi alimzamisha kichwa kwenye ndoo ya damu mpaka miguu ikaanza kupiga teke hewa. Mumewe wa zamani alimpiga kofi mara moja. Hakurudia, na meno mawili ya mbele hakuyaona tena. Baada ya hapo Shangazi akahamia chumba chetu cha uani.

Lakini kwa miaka mitatu tumbo lilikuwa likimpiga yeye kuliko alivyowahi kumpiga mtu. Lilivimba hadi vifungo vya gauni vikakatika. Kulipopambazuka alikuwa ameshakwenda chooni mara sita. Wiki inayofuata siku nne haendi kabisa, na maumivu yakimsokota kama mtu anayekamua nguo. Sababu aliijua, au alidhani anaijua.

"Kazini nachoma nyama, natia chumvi, nakula, tumbo kimya. Nikirudi nikala cha wifi, nalala sakafuni. Hilo nalo linataka hakimu?"

Mama, kwa upande wake, alimwonea huruma. Kila Shangazi alipougua, yeye aliongeza kitunguu saumu kwenye mchuzi, maana tangu utoto aliambiwa ni dawa ya tumbo.

Siku mama aliporudi na plasta hadi kwenye kiwiko, baba alimsimamisha dada yake mlangoni. "Dada, mimi na wewe ni wa tumbo moja. Lakini ukimgusa tena mke wangu, mzigo wako nautupa nje, na wewe nyuma yake."

Shangazi hakuwa na pa kwenda. Ndipo akakubali nimpeleke hospitali.

Walipima damu, wakapima choo, wakaingiza kamera. Hakuna minyoo, hakuna vidonda, hakuna sumu. Daktari, kijana mwembamba, alivua miwani na kusema taratibu, "Mama, una utumbo wenye hasira."

Shangazi alimkunja kola ya koti jeupe na kumwinua hadi kalamu zikamwagika.

"Nani kakwambia nina hasira?"

"Si wewe, mama," daktari alikoroma. "Utumbo."

"Utumbo wa nani?"

Aliposhushwa, akatuandikia anwani ya kundi la mtandaoni la wenye maradhi hayo, linalosimamiwa na mtaalamu wa lishe. Tiba kubwa, alisema akijipapasa shingo, ni kujua chakula gani kinamchokoza.

Nyumbani nilimpa Shangazi simu. Yeye husoma kwa kidole, silabi kwa silabi. "'Wa-sha wi-fi i-li ku-e-nde-le-a,'" alisoma, akanitazama. "Wifi nilishamwasha. Si unaiona ile plasta?"

Kundi alilipenda kuliko nilivyotarajia. Kulikuwa na mwalimu aliyewahi kuvunja kitasa cha choo cha shule kwa bega, na dereva wa roli aliyejua kila choo kati ya bandari na mpaka. "Nikifa mnizike karibu na kimojawapo," aliandika, na Shangazi akacheka hadi akashika mbavu. Wakamwambia aandike kila anachokula na kila kinachomuuma.

Jumamosi moja alasiri alikuwa uani, akinoa shoka lake la kazi. Alikuwa ameandika habari za mchuzi wa mama. Jibu la dereva likaingia, naye akalisoma kwa sauti: "Dada, kama wifi yako anatia su-mu nyingi, tatizo ndilo hilo."

Simu na jiwe la kunolea vilianguka. Alipita mbele yangu kama ng'ombe aliyekata kamba. Mama alikuwa anashona kwa mkono wa kushoto. Aliruka kando, shoka likatua kwenye meza ya cherehani na kuipasua katikati. Shangazi akaling'oa, akaliinua tena. Mama alikuwa amebanwa ukutani, amemwelekezea mkasi.

"Sogea," mama alisema, "nikutoboe jicho."

Simu ilikuwa mkononi mwangu, nilikuwa nimeiokota. Ilikuwa imeingia sauti iliyorekodiwa ya dereva. Nikabonyeza, na ikapasua chumba: "Jamani nisameheni, kidole changu kinene! Nilikusudia saumu! Kitunguu sa-u-mu! Si sumu!"

Shoka lilibaki juu.

"Mwongo," Shangazi alisema. "Kitunguu saumu ni dawa."

"Hata mimi ndivyo nilivyojua," mama alijibu, mkasi ungali umenyooshwa. "Ndiyo maana nilikuwa nakutilia vichwa viwili."

Baba aliporudi na kuona meza, alibeba mzigo wa Shangazi na kuutupa barabarani. Mama ndiye aliyeuburuta kuurudisha, kwa mkono mmoja. "Akiondoka leo atakufa akiamini nilimwekea sumu. Mpe wiki sita."

Wiki nne, kwa maelekezo ya mtaalamu, Shangazi hakula vitunguu vya aina yoyote, wala maharage, wala mkate wa ngano, wala maziwa. Alijipikia mwenyewe na sufuria yake akaifungia kabatini. Tumbo likanyamaza. Kisha ikaja kazi ya kurudisha kimoja kimoja. Maziwa yalipita salama. Wiki ya sita, Jumapili asubuhi, ikawa zamu ya kitunguu saumu. Alikimenya mwenyewe, akakipika na wali mwenyewe. Mama alikatazwa hata kupita jikoni.

Saa sita mchana Shangazi alikuwa sakafuni, ameng'ata taulo, akipiga kichwa ukutani. Tulimsikiliza kama saa nzima. Kisha kukawa kimya, na mlango wake ukafunguka kwa teke.

Alitoka na shoka. Baba alisimama mbele yake; Shangazi alimsukuma kwa kiganja kimoja, naye akagonga ukuta na kuketi chini. Mama alikuwa jikoni, na safari hii hakuchukua mkasi. Shangazi alimpita. Alikiangusha kikapu cha vitunguu, akakikokota hadi uani, akaanza. Vyekundu, vyeupe, saumu, alivipasua vyote, na vilivyobingirika alivifuata akavikanyaga. Vipande viliruka hadi juu ya paa. Hewa iliwaka. Baba, mimi, yeye, wote tulitiririka machozi na kamasi, na hakuna aliyeweza kusema nani analia nini.

Alipomaliza alitupa shoka na kwenda kusimama mbele ya mama.

"Wifi," alisema. "Nipige."

Mama akamzaba kofi la kushoto, zito, lililomgeuza uso. Shangazi hakuinua mkono.

"Hilo la meza," mama alisema, akijifuta macho kwa plasta. "La mkono lisubiri mkono upone."