Theluji Niliyompelekea Mama Makwale

Baada ya baba kufariki nilitaka mama ahame kijijini Makwale, kwenye joto, aje kuishi nami Mbeya mjini. Niliogopa angekufa peke yake bila mimi kujua. Kila nilipomgusia alijibu kwamba Mbeya kuna baridi. Mtu mwenye akili zake angemnunulia blanketi. Mimi ni mwalimu wa sanaa, kwa hiyo nilimchorea theluji, aone kwamba baridi nayo ina uzuri wake.

Theluji yenyewe nimeiona kwenye kalenda na ndani ya friji, ila hilo halikunizuia. Nilichora nyumba moja katikati ya weupe mtupu, miti isiyo na jani, na moshi mwembamba ukipanda. Huwa nawahubiria wanafunzi kwamba rangi hubeba hisia, basi weupe ukawa pumziko na moshi ukawa upendo. Picha ilipokauka ndipo nikagundua kuwa mkono wangu ulikuwa umepanda migomba mitatu nyuma ya nyumba, mibichi kabisa. Kwetu nyumba haikai bila migomba, na mkono haukuniuliza. Niliamua kuiita ishara ya matumaini.

Nilipomfikishia Makwale, mama aliiegemeza picha kwenye gunia la mpunga, akaitazama kwa muda. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka kwa joto la huko.

“Ndaga fijo, mwanangu, nashukuru sana,” alisema. “Migomba hii imevumilia.”

Nilimweleza matumaini, nikaendelea hadi pumziko, kidole kikiwa hewani kana kwamba niko darasani. Alinisikiliza kwa upole ambao watu huwapa wagonjwa.

“Na moshi huu anauona nani?”

Nilisema ni ishara ya upendo.

“Sijauliza ishara. Mimi moshi wangu usipoonekana asubuhi, majirani wanakuja kugonga. Juzi nilichelewa kuamka, wakaja watatu. Hapa sioni nyumba nyingine.”

Kweli, sikuwa nimechora jirani hata mmoja. Nilidhani wangeharibu utulivu wa picha. Niliona aibu, nikashusha kidole.

“Wewe huko Mbeya, moshi wako anauona nani?”

“Natumia gesi, Mama.”

Hakucheka.

“Basi uwe unanipigia simu kila asubuhi,” alisema, “nijue umeamka.”