Bandama ya Mwanangu na Maktaba Yao

Watu hupenda kuniuliza kwa nini nilimfokea yule kijana mtafiti mbele ya wagonjwa. Nilimfokea kwa sababu alichokuwa anasema kilikuwa kweli. Angekuwa mjinga ningemwacha aende zake.

Binti yangu alikuwa na miaka minne. Ugonjwa wa kala-azar aliupatia kwa nyanya yake upande wa Lokiriama, kwenye vichuguu, ambako usubi hutoka jioni na kuwauma watoto waliolala nje. Sisi Waturkana ugonjwa huo tunauita etid, jina lile lile la bandama, maana bandama ndiyo huvimba mpaka tumbo la mtoto likasimama mbele yake kama mzigo. Nyanya alikuwa amemchanja tayari kwa wembe, mistari midogo ubavuni, kama alivyochanjwa yeye utotoni. Sikugombana naye. Nilimbeba mtoto nikarudi naye Kakuma, ninakofundisha chekechea, akadungwa sindano mbili kila siku kwa siku kumi na saba. Kufika siku ya kumi, akiona tu koti jeupe anageuka mwenyewe, analala kifudifudi, anashusha nguo. Hakuna aliyemwambia. Mtoto wa miaka minne! Hilo sijawahi kulisamehe.

Tukaambiwa amepona. Baada ya miezi sita homa ikarudi, tumbo nalo likarudi.

Ugonjwa ukirudi, kile kipimo cha damu cha haraka hakisaidii, kwa sababu kinaonyesha hata ule wa zamani. Inabidi sindano iingie kwenye bandama yenyewe, itoe tone, litazamwe kwa hadubini. Bandama inaweza kuvuja damu ndani kwa ndani, kwa hiyo mtoto akishachomwa hulazwa chali kutwa nzima, haruhusiwi hata kukaa, na sista anampima mapigo kila mara. Jaribu kumshikilia mtoto wa miaka minne hivyo katika joto la Kakuma, halafu uje tuzungumze.

Kabla hajachomwa ndipo akaja mtafiti kutoka Lodwar. Kijana mpole, viatu safi, ananiita mama ilhali tulikuwa karibu rika moja.

"Mama, sisi tunatafuta dawa mpya. Kuna maktaba."

"Maktaba ya vitabu?"

"Ya kemikali. Maelfu, kila moja imewekwa peke yake. Unachukua kimelea, kile kijidudu cha ugonjwa, unakiweka na kila kemikali kwa kishimo chake, unangoja. Unaangalia ni gani imeua kimelea na haijaua seli ya mtu."

"Zinazofaulu ni ngapi?"

Akacheka kidogo. "Chache sana. Zile zimefaulu huko ng'ambo ndizo tunajaribu hapa, kwa vimelea vya watu wa hapa."

"Sasa mwanangu anaingia wapi?"

"Si mwanao, mama. Kimelea chake. Kimekaa ndani ya dawa siku kumi na saba na hakikufa. Hicho ndicho tunatafuta! Kemikali ikiua hicho, tuko karibu na dawa ya kumeza. Hakuna sindano tena."

Aliyasema hayo akiwa na furaha usoni, na mwanangu amelala palepale, macho ya manjano, anakataa uji. Nilitaka kumzaba kofi. Na wakati huohuo neno moja lilikuwa limenishika: ya kumeza.

Akanipa karatasi za kuweka sahihi, zote kwa Kiingereza. Alidhani nitauliza niweke dole wapi. Nilimaliza kidato cha nne, siweki sahihi kwa kitu ambacho sijasoma. Nilizisoma zote, yeye amesimama. Zilisema kwamba watachukua mabaki tu, kile kinachobaki sindanoni baada ya hospitali kupata tone lake. Nikaweka sahihi.

Mtoto akachomwa asubuhi ile. Nilimshika mabega, sista akamshika miguu. Jioni majibu yakatoka: vimelea wamejaa. Dawa ya kwanza imeshindwa, sasa anahitaji ile ya dripu, na dripu iko Lodwar. Ambulensi ingetuchukua asubuhi.

Asubuhi ikafika, ambulensi ikafika, injini inanguruma. Nilikuwa nimeshamfunga mtoto kifuani. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama chaki. Hapo ndipo mtafiti alipofungua kikasha cha safari ili akague sampuli zake, nikamwona akikaa chini kwenye ngazi. Mrija wenye mabaki ya mwanangu ulikuwa umeganda, jiwe kabisa, umenata kwenye pakiti ya barafu.

Dereva wa mradi wao wa utafiti ndiye aliyeupanga humo. Mzee mtu mzima, amebeba chanjo za watoto Turkana nzima tangu mimi niko shule.

"Nani aliweka hii kwa barafu?" kijana akauliza.

"Ni mimi," dereva akasema, kifua mbele. "Na niliongeza barafu mara mbili. Hii joto unaiona? Mimi miaka yote nabeba chanjo, mpaka Lowarengak, hakuna hata moja iliharibika kwa mkono wangu."

"Mzee, hii si chanjo! Hii ni kitu hai. Inataka ubaridi kidogo tu, kama maji ya mtungini. Ikiganda inakufa. Niliandika kwa karatasi hapa juu!"

"Uliandika kwa Kizungu, na uliandika kwa herufi ya sisimizi. Ungeniambia tu na mdomo."

Sikuwa na la kumlaumu mzee. Hapa kwetu kila kitu huuawa na joto, na barafu ndiyo huruma yenyewe. Alimfanyia mwanangu kilicho bora kabisa alichokijua.

Kijana akanijia. Akasema polepole, "Mama, naomba tumchome mara moja tena."

"Rudia."

"Akianza dripu, kimelea kinaisha, hatutakipata. Ni leo tu. Mtoto kama huyu, ambaye amerudi, hatumpati kila mwezi."

"Akichomwa leo atalala kutwa. Hii gari?"

Sista akajibu kabla yake: "Hii gari haingoji, mama. Ingine labda siku tatu, labda nne. Mimi sikudanganyi."

Wagonjwa kwenye benchi walikuwa wakitusikiliza. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Si akubali, ni sindano moja tu." Nikamgeukia: "Lete wako."

Halafu nikamfokea kijana. Nilimwambia karatasi yake inasema mabaki, na mwanangu si mabaki. Nilimwambia jana alikifurahia kimelea mbele ya mtoto kama mtu aliyeona mbuzi wake aliyepotea. Nilisema mengine siyaandiki. Hakujitetea. Alisema tu, "Ni kweli, mama. Lakini na dawa pia ni kweli." Nikapanda gari.

Njia nzima mpaka Lodwar nilikuwa na kidole shingoni mwa mtoto, nahesabu mapigo, napotea, naanza upya. Na katikati ya kuhesabu nilikuwa namwona akishusha nguo mwenyewe. Labda dawa ya kumaliza jambo hilo nilikuwa nimeiacha kwenye ngazi za Kakuma. Sijui. Nilikuwa na mtoto mmoja na gari moja.

Lodwar walimtoa damu mkononi kabla ya dripu. Mtafiti alikuwa ametufuata, amesimama mlangoni haingii. Akauliza kama matone yatakayobaki anaweza kuyajaribu, ingawa kimelea hupatikana kwa shida kwenye damu. Nikamwambia hayo ni mabaki, chukua.

Dripu ilifanya kazi. Homa ilishuka, tumbo likalegea, siku moja akaniomba samaki. Tuliporudi kupimwa baada ya wiki tatu, kijana alituingiza kwenye maabara yake, chumba kidogo chenye baridi ya mashine. Akanionyesha chupa ya damu ya binti yangu. Walijaribu kukuza vimelea humo, hakukuota kitu. Akanionyesha na sahani ya plastiki yenye mamia ya vishimo, kila kimoja kina kemikali yake, na vimelea ndani.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya mtoto mwingine, miaka iliyopita. Naye ugonjwa ulimrudia. Mama yake alikubali."

Nikaweka jicho kwenye hadubini. Walikuwa wanaogelea, wembamba, wana mkia, wazima kabisa.

"Na huyo mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Mwenye hawa."

"Sijui, mama. Kwetu alikuja kama namba."

Miaka yote wamewalisha hao vimelea, wamewabadilishia maji, hakuna siku wamekufa. Sikupiga kelele, hata mimi nilijishangaa. Nilimwambia avute kiti, afungue faili zake, atafute namba hiyo ilitoka hospitali gani, kisha apige simu huko mbele yangu, aulize kama mtoto huyo yu hai. Akasema itachukua muda. Nikampakata binti yangu nikakaa.